Waifai ya Shosho

Kanyakine,
Jumapili, 7 Septemba 2025

Kwa mwanangu Kanini, huko Embu,

Muga, mwanangu! Bwana asifiwe sana. Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua tu asubuhi kukiwa na baridi, lakini jana nilipanda hadi kwenye shamba la chai na kurudi bila fimbo, kwa hivyo usianze kunitumia dawa. Ninyi je? Mkwe wangu Nyaga anaendeleaje na kazi? Na wajukuu wangu, Susan, Njoka na wajina wangu Igoki? Huyo mdogo ameng'oka meno ya mbele? Nilionyeshwa picha yake akiwa amefunga mdomo kabisa, nikashuku.

Najua utacheka kuona barua. Mama ana simu, binti ana simu mbili, na bado karatasi! Lakini kila tukianza hili jambo kwa simu unasema "Mama, nitakupigia," na hupigi. Kwa hivyo nimeiweka barua katikati ya gunia la ndizi, na ndizi haziwezi kukaa bila kufunguliwa. Nimekushika.

Kanini, nataka watoto wangu Desemba hii.

Sijasahau kilichotokea. Ile Desemba ya mwaka juzi nilimwachia Igoki simu yangu kitandani aangalie katuni ya safina ya Nuhu, nikaenda jikoni kusonga mukimo. Katuni ikaisha, ikaja nyingine, ikaja nyingine, na hakuna mtu aliyeziita. Niliposikia mtoto analia nikakimbia na mwiko mkononi. Kwenye simu kulikuwa na mdoli anawakatakata watoto kwa kisu, na rangi ni zile zile nzuri za katuni. Mtoto wa miaka mitano! Tangu siku hiyo mmekuwa wageni wa chai. Mnafika saa nne, mnaondoka saa tisa, hakuna anayelala.

Sikulaumu. Lakini chumba chao nakifagia kila Jumamosi na hakuna mtu wa kukichafua, na nimechoka.

Sasa sikiliza habari njema. Kanisani tulikuwa na semina ya wazazi juu ya kulinda familia kwenye mtandao. Mwalimu alikuwa mama mmoja mchangamfu kutoka Kiirua. Wazee wenzangu walisinzia, lakini mimi nilikaa mbele na kuuliza maswali hadi akaomba maji. Alisema kuna chujio linalowekwa pale pale intaneti inapoingilia nyumbani, linafanya kama chujio la chai: majani yanabaki, chai inapita. Nilisema haleluya kwa sauti hata sikujua. Na wewe unajua Mutuma ndugu yako alituwekea waifai mwezi wa nne, ili apate kitu cha kuangalia badala ya kutafuta mke.

Kwa hivyo niambie unataka nini kabla hawajaja. Niandikie masharti yote bila kunionea haya. Nilifundisha darasa la nne miaka mingi, najua kufuata maagizo hata kama sijawahi kuyapenda.

Mimi mama yako,
Angeline Igoki


Embu,
16 Septemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Asifiwe milele. Huku tuko salama, tunakohoa kidogo na vumbi, lakini tunakula. Ndizi zimefika nzima, barua imefika na utomvu. Niliifungua nikiwa nimesimama jikoni nikijua kabisa nimepatikana. Ndiyo, Igoki ameng'oka mawili ya juu. Anasema hataki Shosho ayacheke.

Mama, nilikuwa nikikwepa, ni kweli. Si kwamba nilikukasirikia. Niliogopa. Hujui ilivyokuwa hapa baada ya ile Krismasi, kwa sababu sikukuambia yote. Igoki hakulala taa imezimwa hadi Pasaka. Wanasesere wote wa Susan walifungwa kwenye sanduku na sanduku likapelekwa kwa jirani. Nyaga alikuwa akilala chini kando ya kitanda chake, mtu mrefu vile, miguu imetokea mlangoni. Hata leo ukimwambia "twende kwa Shosho" anafurahi, halafu anauliza, "Tutalala?"

Mwenyewe sasa anasema anataka kujaribu. Na mimi nataka, haki. Lakini Mama, akilia usiku wa kwanza nitakuja kumchukua, na sitajaribu tena hadi awe mkubwa. Nakuambia mapema ili usiseme sikusema.

Masharti, kwa kuwa umeyaomba mwenyewe. Hilo chujio liwekwe kwenye ile boksi ya intaneti, si kwa simu moja moja, maana Njoka ana miaka kumi na anajua simu kuliko mimi. Paswadi ijulikane na mtu mmoja au wawili, basi. Zile vidio zinazojifuatanisha zenyewe zizimwe. Simu isiingie chumba cha kulala, awe nayo mtoto au mtu mzima. Mtoto mdogo asiangalie kitu peke yake. Na Mutuma asile akiangalia simu mbele yao, kwa sababu huyu wangu Nyaga nimepigana naye mwaka mzima aache mpira wakati wa chakula na ndiyo kwanza ameanza kuniangalia usoni.

Susan naye anataka simu yake. Darasani kwao, ati yeye tu ndiye hana. Nimemwambia tutaongea. Ameniambia hiyo "tutaongea" yangu anaijua. Sijui amejifunza wapi kunijibu hivyo, Mama, au ni damu?

Binti yako,
Kanini


Kanyakine,
Jumapili, 5 Oktoba 2025

Mwanangu Kanini,

Salamu kwa jina la Yesu, na leo nasalimu kwa nguvu! Wote mko wazima? Mimi ningeruka kama magoti yangekubali. Mvua imeonja kidogo, ng'ombe amezaa ndama jike, na chujio limewekwa!

Wacha nikueleze. Nilimshika Mutuma Jumatano kabla hajaenda kufungua duka lake la kinyozi. Nikamwambia leo hakuna kunyoa mtu hadi nyumba yangu isafishwe. Akanung'unika, akafungua kompyuta yake, akaniuliza, "Mama, unataka likaze kiasi gani?" Kulikuwa na kidogo, katikati, na kabisa. Nikamwambia kabisa! Kwani tunachuja chai kidogo?

Na limekaza. Wueh! Mutuma hapati mpira. Mzee Muthamia, jirani yetu, huja kwangu kuangalia bei ya maziwa, na sasa hapati bei wala maziwa. Hata ibada ya kanisa letu ilikataa kufunguka, sijui chujio liliona nini kwa mchungaji wetu. Mutuma anasema tulegeze kidogo. Nimekataa. Afadhali nyumba nzima tukae tukiangaliana kuliko wajina wangu aone mdoli mwingine.

Sasa paswadi. Mutuma alinionya nisiweke siku yangu ya kuzaliwa kwa sababu watu wanaijua. Nikafikiria, nikaona kuna siku kubwa kuliko ya kuzaliwa. Niliweka siku niliyookoka! Naitumia kwa yote mawili, kuingia kwenye waifai na kufungua hilo chujio, ili nisichanganyikiwe. Hiyo siwezi kuisahau hata nikiwa na miaka mia moja.

Leo kanisani walipouliza nani ana ushuhuda, nilikuwa nimeshasimama. Nikawaambia yote: Desemba ile, masharti yako, chujio, mpaka jinsi nilivyolifunga kwa siku niliyozaliwa mara ya pili. Kanini, watu walipiga makofi! Kwaya ya vijana, ambao kwa kawaida hunong'onezana nikitoa ushuhuda, wote walinisikiliza kimya kabisa. Wengine hata waliandika. Nilibarikiwa sana.

Basi mambo tayari. Waambie watoto Shosho amefunga milango yote.

Ni mimi mwenye furaha,
Mama yako


Embu,
11 Oktoba 2025

Mama!

Hatujambo, salamu baadaye.

Mama, ukisimama kanisani kutoa ushuhuda huwa unaanzaje? Si unasema, "Bwana Yesu asifiwe, mimi ninampenda Yesu, niliokoka tarehe kumi na nne mwezi wa nane mwaka wa themanini na tatu"? Hujaanza kwa maneno mengine tangu nikiwa tumboni. Mimi ninaijua, Mutuma anaijua, Mzee Muthamia anaijua na huyo hata hasikii vizuri. Ni nani Kanyakine nzima hajui siku uliyookoka?

Na unasema vijana waliandika!

Nilimsomea Nyaga akiwa anakunywa chai, ikamtoka puani. Mimi pia nimecheka hadi nikalia. Lakini Mama, badilisha leo. Nimejaribu kupiga, simu yako imezimwa, ya Mutuma inaita tu. Natuma hii barua na gari la asubuhi, lile la kwanza kabisa.

Binti yako,
Kanini


Kanyakine,
Jumapili, 26 Oktoba 2025

Mwanangu,

Natumaini hii itawakuta salama. Mimi kwa mwili niko sawa. Kwa moyo siko sawa, na nimechelewa kukuandikia kwa sababu sikujua nitaanzia wapi.

Barua yako ilifika nikiwa nimeshaona. Ile wiki baada ya ushuhuda nilishangaa vile vijana wa kwaya wamependa boma langu. Kila jioni nawakuta wamejipanga nje ya ua wa miiba ya kayaba. Nikiwauliza wanasema, "Tunafanya mazoezi, Shosho." Nilifurahi sana! Niliwapelekea uji. Nilijiambia ushuhuda wangu umegusa mioyo. Kumbe kwaya inafanya mazoezi ya waifai yangu.

Hiyo peke yake ningecheka. Lakini kwa sababu nililikaza mno, hawakupata nyimbo zao wala mpira, na mmoja wao akaingia na tarehe yangu ile ile na kulifungua chujio lote. Sikujua. Siku moja mchana nilikuwa nikitafuta dawa ya wadudu wa ndizi, nikabonyeza, na pakatokea msichana ambaye sitakueleza alivyokuwa. Nilisimama pale shambani, kando ya nyumba, na simu mkononi, Kanini, na kitu cha kwanza nilichowaza ni Igoki. Kama ungekuwa umemleta wiki hiyo, angekuwa ameketi mapajani mwangu, na mimi nikiwa nimekuhakikishia nimefunga milango yote.

Niliita kwaya. Nikawapanga sebuleni kama darasa la nne na kuuliza ni nani. Wote wakaangalia viatu. Mwisho wakasema ni wao wote, hakuna hata mmoja aliyemtaja mwenzake. Mkubwa wao, Kiambi, yule wa sauti ya nne, alilia, mtu na ndevu zake. Akaniambia hawakutaka uchafu, walitaka nyimbo tu. Namwamini. Nimewasamehe, na Jumamosi wamekuja kunilimia kahawa bila kuitwa.

Lakini waifai nimeichomoa ukutani. Na masharti yako, nimejaribu, mwanangu, na nimeshindwa na lile la pili tu, la paswadi, ambalo hata mtoto angeweza. Mimi ni mzee, nafurahi haraka na ninaongea sana. Ningeweza kunyamaza na usingejua kamwe. Mutuma mwenyewe alisema, "Mama, tumerekebisha, usimwambie." Nimeona siwezi kuletewa watoto kwa uongo.

Usiwalete Desemba. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Nitakuja mimi huko Embu siku moja niwaone, nirudi.

Wasalimie. Mwambie Igoki meno yataota.

Mama yako


Embu,
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Mama yangu,

Tulirudi salama baada ya kukuachia watoto. Bwana ni mwema. Nyaga anakusalimia na mgongo wake pia unakusalimia, kwa sababu vitanda vyako ni vifupi kama zamani.

Sasa niko hapa sebuleni Embu na nyumba imenyamaza kama shule iliyofungwa. Hakuna wa kuniuliza rula iko wapi, na sahani ziko safi tangu jana. Sikuzoea.

Nilipokuona Ijumaa ukitoka jikoni na unga hadi kwenye nywele, ukiangalia gari, halafu ukiangalia mabegi, halafu ukiniangalia mimi, nilitaka kukueleza pale pale. Lakini ulianza kuimba na sikupata nafasi. Kwa hivyo acha niseme hapa.

Barua yako niliisomea ofisini. Nilifunga mlango nikalia, na mtu aliyekuwa amekuja kutafuta kibali chake akadhani ni yeye amenikosea. Mama, ungeniambia kila kitu kiko sawa, ningekuamini. Ungenyamaza, nisingejua. Umenisubiri miaka miwili watoto walale kwako, zimebaki wiki chache tu, na bado ukaniandikia, "Usiwalete." Nilimpigia Nyaga nikamwambia shule zikifungwa tu tunawapeleka, bila kungoja Desemba. Akaniuliza, "Si Mama amekataa?" Nikamwambia ndiyo maana.

Mimi ile siku ya mdoli sikuwa naogopa simu peke yake. Niliogopa kwamba kitu kikitokea tena, watu wazima wataniambia ni kidogo tu, atasahau. Wewe hukusema ni kidogo. Nimetulia. Sijui nitakuambiaje vizuri zaidi, nimetulia tu.

Na nimefurahi waifai imerudi ukutani na mmelikubali chujio lile la katikati. Nyaga na Mutuma walifanya kazi nzuri, nimejaribu mwenyewe kila aina ya ujinga na halikufungua, lakini ibada inafunguka, na bei ya maziwa, na mpira wa Mutuma. Ile paswadi mpya tuko nayo mimi na Mutuma. Nimemwambia Nyaga vile uliziba masikio ukaanza kuimba pambio wakati Mutuma ananinong'onezea, naye alikuwa pale pale, na bado amecheka tena. "Msiniambie! Nikianza kumshukuru Mungu sijui kunyamaza!" Jameni Mama.

Lakini usiku wa kwanza bila sisi ulikuwaje? Na wa pili? Nimekaa na simu mkononi nikingoja uniambie amelia. Hujapiga. Sijui kama hiyo ni habari njema au vipi.

Niandikie haraka.

Kanini wako


Kanyakine,
Jumapili, 23 Novemba 2025

Kanini mwanangu, mama ya watoto wangu,

Bwana asifiwe! Tuko wazima watano: mimi, Mutuma, Susan, Njoka na wajina. Ukihesabu ndama tuko sita, kwa maana Igoki anataka ahesabiwe. Wewe na Nyaga hamjambo? Mnakula, au mnakaa mkingoja simu?

Nisamehe kwa kuchelewa. Nyumba yenye watoto haina mtu wa kuandika.

Usiku wa kwanza hakulia. Aliniomba taa, nikamwachia. Nikakaa kitandani nikimsimulia vile babu yake alivyofukuzwa na nyuki hadi akaruka mtoni na kofia, na hajafika mtoni mtoto akalala. Usiku wa pili hivyo hivyo. Wa tatu akasema mwenyewe, "Shosho, zima, tunamaliza stima." Nikazima. Nilisimama gizani pale mlangoni nikisikiliza anapumua, na machozi yananitoka. Namshukuru Mungu, na safari hii nimemshukuru nikiwa peke yangu.

Mambo ya simu tumeyapanga hivi. Kuangalia kitu ni sebuleni tu, chini ya ile picha kubwa ya marehemu baba yenu akiwa na suti ya harusi. Unamkumbuka alivyokuwa akikazia mtu macho? Basi kwenye picha ni vile vile. Njoka alijaribu kukaa pembeni na simu ya mjomba wake, akaangalia juu, akarudi mwenyewe katikati. Saa kumi na mbili jioni simu zote zinawekwa kabatini, za watoto na za watu wazima, na yangu ndiyo ya kwanza. Mutuma siku za mwanzo alikuwa kama mtu aliyeibiwa. Hajui aweke mikono wapi. Lakini juzi tukiwa mezani alianza kumweleza Susan juu ya wateja wake wa kinyozi, na tulicheka hadi chakula kikapoa. Sikujua mwanangu ni mcheshi. Miaka yote hiyo alikuwa amekaa mbele yangu!

Na Susan nimemwambia ukweli kuhusu kwaya na tarehe yangu. Alicheka sana. Halafu akaniuliza kama ningekuwa na simu nikiwa darasa la nane ningeiangalia vipi. Tuliongea muda mrefu tukimenya mbaazi. Ana akili huyo mtoto. Anasema hataki simu ya kujifungia nayo, anataka tu asiwe yeye peke yake asiyejua wenzake wanacheka nini. Nimeona nikuambie, kwa sababu wewe hukuambiwa hivyo.

Sasa nakupa ile habari niliyokuwa naiweka ya mwisho. Jana mchana Igoki alikuja akaniambia, "Shosho, tuangalie ile ya Nuhu." Ni ile ile! Nikamuuliza una hakika? Akasema ndiyo, lakini wewe ukae hapa. Nilikaa. Nilimshika mkono. Wanyama wakaingia wote, mvua ikanyesha, njiwa akaruka. Ilipoisha pakatokea kisanduku kidogo kinachouliza kama tunataka nyingine. Kanini, huyo mtoto aliangalia, akaweka kidole, akaifunga. Akaniambia, "Hiyo hatukuichagua, Shosho." Akatoka nje kumwona ndama. Hakuogopa hata kidogo!

Nilibaki pale kwenye kochi nikiwa na mikono mitupu na kicheko ambacho sikujua kinatoka wapi. Nikamwambia mzee ukutani, umeona?

Mama yako


Embu,
7 Desemba 2025

Mama,

Salamu nyingi. Sisi tuko, kama huku nako ni kuwa.

Nilisoma ile ya Nuhu mara nyingi hadi karatasi imelegea. Nimempelekea Nyaga kazini kwake. Alisimama kwenye korido akasoma, akaikunja, akasema ana vumbi machoni. Hakukuwa na vumbi. Asante, Mama. Sina neno kubwa kuliko hilo.

Lakini nina lalamiko.

Mimi hutoka kazini saa kumi na moja. Nikifika nyumbani, nivue viatu, niweke maji ya chai, ni saa kumi na mbili na dakika chache. Napiga kwako. Haishikwi. Napiga kwa Mutuma. Haishikwi. Jumanne nilipiga hadi jirani akaniuliza kama kuna msiba. Baadaye nikakumbuka zote ziko kabatini kwa amri yako, na hiyo amri ni mimi niliyeileta huko kwa mkono wangu! Mchana nikipiga naambiwa Njoka yuko mtoni, Susan yuko na akina mama wa kanisa anawafundisha kuzima zile vidio za kujifuatanisha, Igoki yuko na ndama. Mimi mama yao sina nafasi. Ndama ana nafasi.

Nyaga amekuwa akizima televisheni wakati wa chakula bila kuambiwa. Tunaketi wawili tunaangaliana kama watu waliooana juzi. Jana aliniambia, "Hata sisi tulikuwa tukijificha kwenye simu." Nilimwongezea nyama.

Basi nimeamua. Kazi inafungwa tarehe ishirini na tatu. Nitakuja ishirini na nne asubuhi kuwachukua, wale Krismasi hapa nyumbani kwao. Waambie wapange mabegi mapema. Nimewakumbuka, Mama, vibaya sana.

Binti yako,
Kanini


Kanyakine,
Jumapili, 14 Desemba 2025

Mwanangu Kanini,

Tuko wazima na kelele tele. Lalamiko lako nimelisoma mezani kwa sauti mbele ya wote. Mutuma amesema masharti ni yako, ukitaka kukata rufaa ulete kwa maandishi.

Nimewapa watoto habari ya mabegi. Njoka amejificha kwenye ghala. Susan ameniambia, kwa heshima lakini, kwamba kwaya ya vijana imempa sehemu ya kuimba siku ya Krismasi na hawezi kuwaangusha. Na wajina wangu je? Aliomba karatasi na kalamu, akaenda kukaa kwenye ngazi ya jikoni, akaninyima kuangalia hadi alipomaliza. Nimekufungia barua yake hapa chini kama alivyoiandika, sikusahihisha hata herufi moja, na unajua hilo limenigharimu.

Vitanda vipo. Kile cha Nyaga, Mutuma amekirefusha kwa mbao.

Mama yako,
Angeline

*

Mama,

Habari yako na ya Baba. Mimi ni mzima. Jino moja limetokea kidogo. Mimi hulala bila taa na si mimi niliambiwa, ni mimi nilisema.

Kwa Shosho hakuna kitu mbaya. Usikuje kutuchukua. Kuja ukae.

Igoki wako, yule mdogo